Kibao Kilichokula Mawe ya Sayi

Vijana wa karakana, mmeniomba niwaandikie habari za kazi kabla sijasahau. Asanteni kwa kunikumbusha kwamba nazeeka. Nimekaa hapa na ile saa ya ukutani mliyonipa siku ya kuniaga, saa nzuri kweli, imesimama tangu wiki ya pili, nikaona bora niandike kuliko kuitazama. Vyeo sitavieleza kwa sababu havikuwa vingi. Niliingia Halmashauri ya Bariadi nikiwa fundi rangi, nikatoka fundi rangi mkuu, na tofauti ya hao wawili ni kwamba mkuu ananunua brashi zake mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kuandika vibao vya barabarani. Ninyi leo mnaingiza maneno kwenye kompyuta pale mjini, mashine inatema bango kabla chai haijapoa, na bango lenyewe linapauka kabla mwenye nalo hajamaliza kulisifia. Sisi tuliandika kwa mkono, juu ya bati, herufi moja moja, huku nzi wakitembea kwenye rangi mbichi kama wakaguzi. Ukikosea, wilaya nzima inasoma kosa lako mpaka bati lioze. Na bati la zamani halikuwa na haraka ya kuoza.

Siku ya kwanza niliripoti nimevaa suruali nyeupe. Mama yangu kule Sola, Maswa, aliamini kwamba mtu akiajiriwa na serikali anakaa mezani. Fundi mkuu wa wakati huo, Mzee Petro, mtu mfupi, Mkatoliki wa kusali kweli kweli aliyejifunza kuandika herufi kwa mapadri, aliitazama ile suruali.

"Umekuja kuoa?" akaniuliza.

"Hapana mzee, nimekuja kazini."

"Basi shika brashi, tuone kama bibi harusi atakukubali."

Akanipa bati niandike HALMASHAURI YA WILAYA. Nikaanza kushoto kwa madaha, herufi kubwa, nene, zimenyooka. Nilipofika kwenye U ya kwanza bati likawa linaelekea kuisha, na herufi zilizobaki nikazibananisha pembeni kama mbuzi kwenye zizi la kuazima. Mzee Petro hakunigombeza. Alilichukua lile bati akalipigilia misumari kwenye mlango wa choo cha karakana, na likakaa pale miaka minane. Mgeni yeyote wa idara aliyebanwa na haja alipata kusoma kazi yangu kwa utulivu.

Mzee Petro ndiye aliyenifundisha kuanzia herufi ya katikati kwenda pembeni, huku na huku, ili maneno yakae sawa. Alinifundisha kupiga mstari kwa kamba ya chaki, kuegemeza mkono kwenye fimbo yenye kitambaa kichwani ili usitetemeke, na kutosafisha brashi kwa petroli ya gari la mkuu hata kama dereva ni rafiki yako. Lakini somo lake kubwa lilikuwa moja. Fundi rangi haweki jina lake kwenye kibao.

"Kikisema uongo, uongo si wako," alikuwa akisema. "Kikisema kweli, kweli nayo si yako. Wewe ni mkono tu."

Niliipenda kanuni hiyo kuliko mshahara. Mtaona ilinifikisha wapi.

Kisha likaja soko huria. Ninyi mmezaliwa humo, mnadhani dunia ilianza na vocha za simu. Sisi tulikuwa na kibao kimoja cha pamba, cha chama cha ushirika, nacho nilikipaka upya kila msimu kwa rangi ileile na maneno yaleyale, hata usingizini ningekiandika. Ghafla tukaambiwa kila kitu ruksa. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaja kutoka kila upande, na kila mmoja alitaka kibao kikubwa kuliko cha mwenzake, kimeandikwa BEI NZURI. Mwaka mmoja niliandika BEI NZURI kwenye vibao vinne vilivyotazamana katika njia panda moja. Mkulima akishuka na marobota yake kwenye mkokoteni wa ng'ombe anasimama katikati, anasoma vyote vinne, anacheka peke yake, kisha anauza kwa yule mwenye mzani ulio karibu kwa sababu ng'ombe wamechoka.

Pamoja na ruksa lilikuja neno jingine, kupunguzwa. Serikali ilikuwa imenenepa, tukaelezwa, inabidi ikonde, na kwa bahati mafuta yote yalikutwa karakana. Ofisini hayakuonekana. Walianza na mlinzi, wakaja kwa fundi seremala, na asubuhi moja Mzee Petro alikuta jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Karatasi yenyewe ilikuwa imechapwa kwa mashine na majina yamepinda. Aliitazama kidogo akasema, "Hawakuanzia katikati." Akaniachia brashi zake, akapanda baiskeli, akaenda zake kulima mpunga. Nililia, sifichi. Kisha nikafuta machozi haraka, maana orodha ya pili ilikuwa inaandaliwa na mtu anayelia anaonekana hana kazi ya kufanya.

Nikawa mkuu wa karakana ya mtu mmoja. Kila karatasi mpya ikibandikwa, naisoma mara mbili, toka chini kwenda juu. Nilikuwa na mke na watoto wawili, na shamba la Sola nilikuwa nimelipa kisogo kwa kiburi cha mtu wa serikali. Kwa hiyo nililoambiwa lifanyike, nililifanya, tena kwa haraka.

Hapo ndipo walipoamua kwamba Bariadi ina historia. Afisa mmoja mpya, sitamtaja jina, sisi tulimwita Bwana Utamaduni, alikuwa ametoka semina. Aliambiwa huko kwamba katika soko huria kila wilaya lazima iwe na cha kuuza, na kwamba watalii wa Serengeti wanaweza kupita kwetu kama watawekewa sababu ya kusimama. Akaunda kamati. Kamati ikanywa soda vikao vitatu ikaamua kuweka vibao vya kumbukumbu za kihistoria kando ya barabara. Mtalii atakuja na gari, atasoma, atashangaa, atanunua kikapu. Vikapu hatukuwa navyo, lakini hiyo ilikuwa ajenda ya kikao cha nne.

Kibao kikubwa kuliko vyote kilipangwa barabara ya kwenda Zagayu, kwenye korongo ambalo wakati huo halikuwa na daraja. Maneno yaliletwa karakana yakiwa yamegongwa mhuri: HAPA ALIPIGA KAMBI BWANA SHAURI WA KWANZA KUFIKA NCHI HII. Nilimuuliza Bwana Utamaduni habari hiyo ya mtawala wa kikoloni imepatikana wapi.

"Kuna mjumbe wa kamati, babu yake alikuwa mpagazi," akasema. "Alimsimulia kwamba mzungu alisimama pale na msafara mzima."

"Alilala?"

"Kamati haikuingia huko."

Yule mjumbe mwenyewe nilikuja kukutana naye kwenye pombe. Alicheka mpaka akapaliwa. Babu yake alisema mzungu alisimama pale kuchimba dawa, tumbo lilikuwa limemharibikia kwa maziwa ya mgando, akaingia nyuma ya kichaka, akatoka, akapanda punda, msafara ukaendelea. Basi. Robo saa. Kamati ilikuwa imempigia kambi.

Lakini mimi ni mkono tu. Nikakwangua bati, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, nikaanzia katikati. Kilikuwa kibao kizuri, niseme ukweli. Herufi zilikaa kama zimezaliwa pale.

Tulikwenda kukisimika siku moja kabla ya uzinduzi. Kesho yake saa nne Mkuu wa Wilaya angekuja na wageni, kwaya, na ngoma. Tulikuwa watu wanne: mimi, vibarua wawili, na Hamisi dereva wa lori, mtoto wa mjini ambaye baba yake alikuwa na duka la vitenge sokoni. Tulibeba saruji, mchanga, mabomba mawili, maji kwenye pipa, na kibao kimefungwa blanketi kama mgonjwa. Kokoto tulisahau. Yaani hatukusahau, kila mtu alidhani mwenzake amepakia, ambayo ndiyo njia ya serikali ya kusahau.

Sasa, mtu ambaye hajakaa mbuga zetu hawezi kuelewa balaa hilo. Kule ni udongo mweusi mtupu, wa pamba, unaonata mvua na kupasuka kiangazi. Unaweza kulima maisha yako yote jembe lisigonge jiwe. Watu wa kule wakitaka mafiga wanayafuata mbali kwenye vilima. Kurudi mjini lori lisingeweza, mafuta yalikuwa ya kwenda na kurudi mara moja, yamepimwa kwa fimbo.

Hamisi akapiga makofi. "Wallahi Mungu hamtupi mja wake! Tazama kule!"

Juu ya ukingo wa korongo palikuwa na rundo la mawe. Rundo la maana, linanifika kifuani, mawe ya kila rangi na kila saizi, mengine kama ngumi, mengine kama kichwa cha mtoto. Katikati ya nchi isiyo na hata kijiwe cha kumpigia ndege.

Hapa nawaomba vijana msome taratibu, maana ndilo lililonifanya niandike yote haya. Mtu mwenye akili akiona mawe mengi mahali pasipo na mawe anajiuliza yamefikaje. Na mimi nilijiuliza. Tena nilijibiwa papo hapo. Tulipokuwa tumesimama tunalitazama, alikuja mzee na baiskeli, anatoka upande wa Zagayu, anaisukuma kwa mkono, haiendeshi. Akaiegemeza, akatoa jiwe mfukoni mwa koti, akaliweka juu ya rundo kwa mikono miwili. Akatusalimia, "Mwangaluka." Tukaitika. Akashuka korongoni na baiskeli yake, akapanda ng'ambo, na huko ndiko alikoanza kuiendesha.

Vibarua wakanitazama. Hamisi naye akanitazama, furaha imempungua.

"Bosi," akasema, "hili si la mtu?"

Nilijua ni la mtu. Mimi ni Msukuma, sikuzaliwa kwenye gunia. Nilijua kwamba jiwe haliwekwi kwa mikono miwili bila sababu, na kwamba nilichotakiwa kufanya ni kumkimbilia yule mzee nimuulize. Lakini niliona ile karatasi ya ukutani. Nikamwona Mkuu kesho saa nne amesimama mbele ya shimo tupu, Bwana Utamaduni ananinyooshea kidole, na jina langu limepinda kwa mashine.

"Ni mawe," nikasema. "Bebeni."

Wakabeba. Tuliyavunja kwa nyundo mbili, saa nzima, yakawa kokoto safi kabisa. Tukachanganya zege, tukachimba mashimo, tukasimika mabomba, tukamwaga. Rundo zima liliingia mle, na juu tukajenga kitako kipana cha zege, kimefika magotini, ili wageni wapate pa kuegemea wakipigwa picha. Nikachukua mwiko nikakisawazisha kama meza.

Zege lilikuwa bado bichi alipofika mwanamke mmoja. Makamo, mwili mwembamba, kanga moja kiunoni na nyingine begani, anakwenda mnadani. Juu ya kata kichwani alikuwa na kapu, na mkononi jiwe. Alisimama pale rundo lilipokuwa. Udongo wa chini yake ulikuwa umepauka kidogo na wadudu walikuwa wanakimbia ovyo.

Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga, mtu anayepiga kelele unaweza kumnyamazisha. Alitua kapu, akaja mpaka kwenye kitako, akauliza, "Mwenye kazi ni nani?"

Vibarua, mashujaa hao, wakanielekezea kwa videvu.

"Mimi, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma.

"Mawe yangu yako wapi?"

Nikamwonyesha kwa mwiko. Nini kingine ningefanya?

Aliitwa Minza. Alinieleza pale pale amesimama, na jiwe lake mkononi. Mumewe, Sayi, alikuwa na kawaida ya kukaa kwenye korongo lile mvua zikikolea, na kamba ndefu aliyoifunga kwenye mti wa upande huu. Alivusha wagonjwa, alivusha watoto wa shule, alivusha wazee mgongoni. Hakutumwa na mtu. Siku moja alimvusha mama mwenye uchungu wa kuzaa, akamfikisha salama. Yule mama akakumbuka kwamba furushi la nguo za mtoto limebaki ng'ambo. Sayi akalirudia. Maji yakaja kwa mkupuo, yakachukua furushi, kamba, mti na yeye. Walimtafuta siku tisa kando ya mto na hawakupata hata kiatu.

"Sina kaburi," akasema Minza. "Nililia sina pa kulilia. Nikaenda vilimani nikaleta jiwe moja, nikaliweka hapa alipokuwa anasimama. Waliovushwa naye wakaleta. Watoto wao wakaleta. Jiwe unalitoa unakotoka, unalibeba mwenyewe, unakuja kwa miguu, kwa sababu yeye alifanya kwa miguu. Hilo ndilo kaburi mlilovunja."

Hamisi alikuwa ameingia kwenye lori amefunga mlango. Nilisimama na mwiko wangu, aibu imenipanda mpaka masikioni, na badala ya kupiga magoti nikasema neno la kipumbavu kuliko yote niliyopata kusema katika ajira. Nikasema, "Mayu, ni kwa ajili ya historia."

Akalitazama lile blanketi. "Umeandika nini hapo?"

Nikamsomea. Bwana Shauri, kambi, nchi hii.

"Huyo alivusha nani?"

Nikafuta mwiko kwenye suruali. Akakisogelea kitako, akakinusa karibu kama mtu anayenusa uji kama umeiva. "Bado kibichi," akasema. "Una kidole. Mwandike hapa. Sayi. Sijui kusoma, lakini nitajua yupo."

Herufi nne tu, vijana. Mimi niliyekuwa naandika HALMASHAURI YA WILAYA nikiwa nimefumba macho. Herufi nne, kwa kidole, bila rangi. Nikamwambia maneno ya kibao yamepitishwa na kamati.

Alilichukua lile jiwe alilotoka nalo kwake, akaliweka juu ya zege, akalisukuma kwa kiganja likazama nusu. Akajitwika kapu akaenda mnadani. Nilisubiri apotelee njiani, kisha nikalishindilia lizame lote, nikapitisha mwiko juu, na alama ya kiganja nayo nikaifuta. Kesho saa nne lazima pawe safi.

Uzinduzi ulifana. Mkuu alivuta kitambaa, kikanasa, akavuta tena. Alisema kwamba taifa lisilojua historia yake ni sawa na mti usio na mizizi, maneno ambayo kila mkuu hupewa pamoja na gari. Alisema soko huria limefika Zagayu. Kwaya iliimba. Wenyeji walikuja wengi, wakasimama upande wa pili wa barabara, na mtu yeyote anayewajua watu wetu angeshangaa, kwa sababu ngoma ililia na hakuna aliyecheza. Bwana Utamaduni alisema wameguswa.

Jina langu halikutoka kwenye orodha ya pili wala ya tatu. Niliokoka. Nilipomfuata Mzee Petro kwenye majaruba yake ya mpunga kumweleza, aliacha jembe akanitazama. Nikamkumbusha kanuni yake, kwamba mimi ni mkono tu.

"Nilisema herufi," akasema. "Sikusema mawe." Akaendelea kulima, na sikukaribishwa chakula.

Watalii? Tuliwangoja. Nilimwona mmoja kwa macho yangu, gari lake lilipata pancha mita mia kabla ya kibao, akaziba, akageuza.

Msimu uliofuata mnunuzi mmoja wa pamba alikiona kibao hakina kazi, akaniomba nimwandikie BEI NZURI mgongoni mwake. Nikaandika. Kwa hiyo ukitoka Bariadi unapata Bwana Shauri, ukitoka Zagayu unapata bei. Zilipokuja kampeni za vyama vingi wakataka na upande wa Bwana Shauri, nikamfunika mzee wa watu kwa rangi ya chama, na baada ya uchaguzi nikaifunika ya chama kwa tangazo la sabuni. Yote hayo ni mkono wangu. Mwisho soko huria la vyuma chakavu likafika, bati likaondoka, na mabomba yakakatwa kwa msumeno yakabaki vishina viwili. Kilichobaki ni kitako. Zege lile lilikuwa na kokoto nzuri, halikupasuka.

Kwa miaka yote hiyo nilipita pale kwa kazi, wilaya ikagawanywa, mkoa ukaja, daraja likajengwa, nami kila nikikaribia nilikuwa na la kutafuta chini ya kiti. Lakini kutafuta kuna mwisho wake, na niliona. Juu ya kitako palikuwa na mawe. Machache. Mwaka mmoja saba, mwingine kumi na kitu. Watu wengine walikuwa wameacha, bodaboda inapita darajani kwa kasi, nani ashuke. Ni mtu mmoja aliyekuwa anaendelea.

Mwezi uliofuata ule mlionipa saa, nilichukua kopo la rangi nyeusi, kopo la nyeupe, brashi za Mzee Petro zilizobaki tatu, nikapanda bodaboda mpaka korongoni. Nikaulizia, nikaonyeshwa mji wake. Amezeeka Minza, anatembea na fimbo, lakini macho yapo.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Wewe nani?"

"Yule wa kibao."

"Umechelewa," akasema. Akachukua fimbo, tukaenda, yeye mbele.

Nilikisugua kitako, nikapaka nyeupe upande wa barabara, tukakaa chini tukingoja jua likaushe. Kisha nikapiga kamba ya chaki, nikaanzia katikati, nikaandika: SAYI ALIVUSHA WATU HAPA. MAJI YALIMCHUKUA. Nilikuwa na mkono imara siku ile, nikajipongeza.

"Soma," akasema. Nikamsomea. Akatikisa kichwa polepole. "Na mawe?"

"Mawe gani, mayu?"

"Maji yalimchukua mtu. Umeandika. Mawe yalichukuliwa na nani?"

Nikajikuna. "Halmashauri, mayu."

"Halmashauri haina mikono," akasema Minza. "Mimi nilikuona wewe. Nikaona na ulivyolizamisha jiwe langu, nilikuwa nimesimama nyuma ya kichaka cha mnyaa. Si ulisema ni historia? Iandike."

Nafasi iliyobaki chini ilikuwa ndogo, sikuwa nimeipimia. Nikaandika nikianza kushoto, kama siku ya kwanza: MAWE YAKE NILIYAVUNJA MIMI, YOHANA MABULA, FUNDI RANGI. Jina la baba likabanana, FUNDI ikapinda, RANGI ikaishia ukingoni kabisa. Ndicho kibao pekee chenye jina langu kati ya vyote nilivyoandika, na ndicho kibaya kuliko vyote, kukiacha kile cha chooni. Nikamsomea kwa sauti. Jina langu nikalirudia.

Alipitisha kidole juu ya herufi, rangi ikamshika. Akajifuta kwenye kanga.

"Wabeja," akashukuru. "Sasa lete jiwe."

Nikatazama huku na huku, mbuga nyeusi, pamba, mbuga. Vilima vilikuwa mbali kule, vya bluu. Mwenye bodaboda, aliyekuwa ananisubiri darajani, akawasha pikipiki akasogea. "Mzee, panda nikupeleke chap."

Minza alikuwa ameshakaa juu ya kitako, fimbo magotini, kama mtu mwenye siku nzima ya kungoja.

"Kwa miguu," akasema.

Nikavua koti, nikaenda.